Kabla ya kubomoa kipilefti: barua ya wazi kwa Halmashauri ya Mji

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri,
Mkurugenzi wa Mji,
na Mhandisi wa Barabara.

YAH: MPANGO WA KUONDOA KIPILEFTI CHA KATIKATI YA MJI NA KUWEKA TAA

Waheshimiwa, salaam.

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Barua hii naiandika hadharani kwa sababu zilizotangulia zimeishia masijala. Zilipokelewa, zikagongwa muhuri, na tulipofuatilia tukaambiwa suala linafanyiwa kazi. Kazi tuliyokuja kuiona ni tangazo la zabuni: kipilefti kibomolewe, ziwekwe taa za kuongozea magari. Maelezo yaliyoambatana nalo hayafiki ukurasa mmoja, na hoja iliyomo ni moja tu, kwamba kipilefti kimezidiwa.

Kwa heshima zote, hakijazidiwa. Kimeharibiwa kipande kwa kipande, kwa maamuzi yaliyopitishwa katika ofisi zenu, na sasa kinahukumiwa kwa ulemavu ambao hakikuzaliwa nao. Ni sawa na kumng'oa mtu meno halafu kumlaumu kwamba hatafuni.

Nivumilieni kwanza kwa historia kidogo, maana haya yanayotupata yaliwapata wengine zamani, na majibu yake yapo.

Kuzungusha magari upande mmoja kuzunguka kisiwa ni wazo la mwanzoni mwa karne iliyopita. New York ililitumia Columbus Circle mwaka 1905. Paris, ambako msanifu Eugène Hénard alikuwa amelipigia debe, ikafuata mwaka 1907 pale Place de l'Étoile. Letchworth, mji mdogo wa Uingereza, ulijenga kipilefti chake karibu mwaka 1909, na mpaka leo pana kibao kinachojigamba kuwa ndicho cha kwanza nchini humo. Vyote hivyo vilikosa kitu kimoja: kanuni thabiti ya nani ampishe nani. Mahali pengi anayeingia ndiye aliyepewa njia. Magari yakiwa machache hilo halina madhara. Yakiongezeka, wanaoingia wanawazuia walio ndani, walio ndani hawafikii njia za kutokea, na duara zima linajifunga. Wamarekani walijaribu kuponya ugonjwa huo kwa kupanua: visiwa vikubwa, njia pana, magari yakipishana na kuchanganyikana kwa kasi. Ajali ziliongezeka na kufunga kukabaki palepale, hata kufikia miaka ya 1950 wahandisi wengi wa huko wakawa wamekata tamaa. Hukumu waliyoitoa ndiyo hiyo mnayotaka kuitoa leo.

Kosa halikuwa la duara. Mwingereza Frank Blackmore, mhandisi katika maabara ya serikali ya utafiti wa barabara, alishikilia kwamba anayeingia ndiye anayepaswa kungoja, na Novemba 1966 Uingereza ikaifanya hiyo kuwa sheria: mpishe aliye ndani, yule anayekujia kutoka kulia kwako. Hayo tu. Tangu hapo duara haliwezi kujifunga kwa wingi wa wanaoingia, kwa kuwa haingii mtu mpaka nafasi ipatikane, na aliyekwisha kuingia hana wa kumsubiri. Blackmore akaona pia kwamba kanuni ikifuatwa, ukubwa wa kisiwa si hoja tena. Unaweza kukipunguza mpaka kikabaki duara la rangi juu ya lami. Mwaka 1972 alipanga vipilefti vidogo vitano kuzunguka kimoja huko Swindon. Ukikitazama kwa juu utadhani ni mzaha, lakini magari yanapita hadi leo.

Ufaransa nayo ilianza kutumia kanuni hiyohiyo mwaka 1984, na sasa ina vipilefti zaidi ya 30,000. Pale Étoile kwenyewe hawakuibadilisha. Anayeingia bado ndiye mwenye haki. Anayetaka kujua maisha yalivyokuwa kabla ya 1966 ana mahali pa kwenda kutazama.

Sasa, kanuni peke yake haitoshi. Dereva anaendesha kwa kufuata kile barabara inachomruhusu, si kwa kufuata kitabu. Ndiyo maana kipilefti cha kisasa huchorwa ili gari lisiweze kupita moja kwa moja: njia ya kuingilia inapinda, kisiwa kinalisukuma pembeni, na mwendo unashuka hadi kilomita 30 au 40 kwa saa hata kama dereva hataki. Kipilefti chetu kilijengwa hivyo. Kilikuwa na njia moja kila upande, midomo myembamba ya kuingilia, visiwa vidogo vya kugawa magari yaingiayo na yatokayo, na vivuko vilivyorudi nyuma ya mstari wa kupisha. Yafuatayo ndiyo yaliyofanywa tangu hapo.

1. Midomo imepanuliwa. Katika mradi wa ukarabati, kila njia ya kuingilia ilikatwa pembe ili magari mawili yaingie sambamba. Nia, tuliambiwa, ni kupunguza foleni. Kilichopotea ni ule mpindo uliokuwa ukiwalazimisha madereva kupunguza mwendo. Gari linalotoka barabara kuu sasa lina mstari ulionyooka karibu kabisa kutoka mdomo mmoja hadi wa pili, na linapita hapo kama vile kisiwa hakipo. Wahandisi wana kipimo cha jambo hili, nacho si siri: chora kwenye ramani ya kipilefti njia iliyonyooka kuliko zote ambayo gari dogo linaweza kuipita bila kupanda ukingo, pima mpindo wake, utajua mwendo utakaokuwepo. Ningependa kuona mchoro huo kwa kipilefti chetu, kabla na baada ya ukarabati. Nashuku haukuwahi kuchorwa. Na mwendo si jambo la kubishania kwa hisia: gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hubeba nishati karibu mara tatu ya lile linalokwenda 30, na nishati hiyo ndiyo inayomfikia mtu likimgonga.

2. Visiwa vya kugawa vimeng'olewa na vivuko vimesogezwa. Haya mawili nayaweka pamoja kwa sababu anayeumizwa nayo ni mmoja, mwenda kwa miguu. Kisiwa cha kugawa kilimwezesha kuvuka nusu ya barabara, kusimama salama, kisha kuvuka nusu iliyobaki akitazama upande mmoja tu. Vilipoondolewa ili kupata nafasi ya ile njia ya pili, mtu anavuka njia tatu au nne kwa mkupuo. Kivuko nacho kilikuwa nyuma ya mstari wa kupisha kwa urefu wa gari moja, yaani mita sita hivi. Urefu huo una kazi yake. Dereva anamalizana na mwenda kwa miguu kwanza, kisha anasogea mbele na kutafuta nafasi ndani ya duara. Anafanya jambo moja kwa wakati mmoja. Sasa alama za pundamilia zimechorwa mdomoni kabisa. Dereva anayeingia macho yake yako kulia, anatafuta upenyo, na mtoto wa shule anatokea kushoto. Waheshimiwa, hapo hata dereva mwema hamwoni.

3. Njia za kutokea zimezibwa. Hili naomba mlisome polepole, kwa sababu foleni mnayoitaja katika tangazo lenu inazaliwa hapa.

Kituo cha basi kimeruhusiwa mita chache tu baada ya njia ya kutokea upande wa soko. Upande wa pili yamechorwa maegesho, tena kwa rangi ya Halmashauri. Basi likisimama kushusha abiria, gari la nyuma yake linasimama. La tatu linasimama. La nne liko ndani ya duara. Kuanzia hapo kipilefti kizima kimekwisha, kwa sababu gari lile la nne linawazuia wote wanaozunguka kwenda njia nyingine tatu, ambazo ziko wazi hazina kitu. Anayetazama kutoka dirisha la ofisi ataona magari yamejaa kwenye duara na kusema duara limezidiwa. Akishuka chini akafuata foleni hadi kichwani pake atamkuta kondakta anapakia mizigo.

Kipilefti kinahitaji zaidi ya kingine chochote kwamba anayetaka kutoka atoke. Ukiweka taa mahali pale na kuacha kituo cha basi kilipo, foleni itakuwepo vilevile. Itaangaziwa rangi tatu tu.

4. Ukanda wa malori umefunikwa lami. Kile kipande cha mawe kilichoinuliwa kidogo kuzunguka kisiwa hakikuwa pambo. Kiliwekwa ili magurudumu ya nyuma ya lori refu yapande pale linapokata kona, huku gari dogo likikikwepa kwa kuwa kinatikisa. Sasa kimesawazishwa, na madereva wa magari madogo wamekigeuza njia ya kukatia.

5. Bango la matangazo lenye mwanga. Kisiwa cha katikati kikiinuliwa kwa udongo na mimea kinafanya kazi mbili: kinamwonyesha dereva wa mbali kwamba barabara haiendelei moja kwa moja, na usiku kinazuia taa za gari la upande wa pili zisimpige machoni. Ninyi mmekisawazisha na kupandisha juu yake kioo kikubwa kinachobadilisha picha. Sina la kuongeza, ila kuuliza mapato yake yanakwenda wapi.

6. Askari saa za foleni. Najua hawa si watumishi wenu, na wanasimama juani kwa moyo. Lakini wanapowasimamisha walio ndani ya duara ili kuwaruhusu wanaoingia, wanaturudisha kwenye kanuni ile iliyokuwa ikifunga vipilefti kabla ya 1966. Wakiombwa wasimame kwenye njia za kutokea na kuhakikisha hakuna anayeegesha, mtaona tofauti siku hiyohiyo.

Najua mtakachojibu, kwa hiyo niyaguse.

Mtasema magari yameongezeka. Kweli yameongezeka. Lakini kipilefti cha njia moja kilichochorwa vizuri huweza kupitisha magari kati ya 20,000 na 25,000 kwa siku. Hesabu yetu ni ngapi? Tangazo halisemi. Hakuna anayebomoa daraja bila kujua uzito unaopita juu yake, na sioni kwa nini makutano yawe tofauti. Nitakiri kwa niaba ya vipilefti kwamba vina mipaka. Barabara moja ikimwaga magari mfululizo bila pengo, walio kwenye mdomo unaofuata hukaa sana wakisubiri. Kwa asiyeona, kuvuka mahali ambapo magari hayasimami kwa zamu ni kazi ngumu, na hilo linahitaji vivuko vya kipekee. Kama hesabu ikionyesha kwamba hapo ndipo tulipo, nitanyamaza. Hesabu hiyo iletwe kwanza.

Mtasema malori makubwa hayawezi kukata kona. Rudini namba 4.

Mtasema eneo ni dogo. Miongozo ya Marekani inakipa kipilefti cha njia moja kipenyo cha mita 27 hadi 55, ukipima kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje, na vile vidogo kabisa mita 13 hadi 27. Chetu hakijatoka nje ya vipimo hivyo. Kilichokibana ni maegesho.

Mtasema madereva hawana nidhamu. Hii ndiyo hoja inayopendwa kuliko zote, na ndiyo inayonishangaza, maana inajenga upande wangu. Dereva asiye na nidhamu akikiuka taa nyekundu, anaikiuka kwa mwendo wa barabara kuu na kumpiga mwenzake ubavuni. Akikosea kwenye kipilefti chenye umbo sahihi, anakosea polepole na kwa kukwaruza. Makutano ya kawaida ya njia nne yana sehemu 32 ambazo njia za magari hugongana au kukatana. Kipilefti cha njia moja kina 8. Watafiti waliofuatilia makutano 24 ya Marekani yaliyogeuzwa kuwa vipilefti, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2001, waliona ajali zote zimepungua karibu asilimia 40, zenye majeruhi zaidi ya robo tatu, na wakakadiria kwamba zile za kuua au kulemaza zilipungua asilimia 90 hivi. Makutano hayo mengi yalikuwa yakiongozwa na alama za kusimama au taa, vilevile mnavyotaka kutuletea. Upungufu mkubwa zaidi hutokea kwenye vipilefti vya njia moja. Vikipanuliwa kuwa vya njia mbili faida hushuka, na waendesha baiskeli ndio wa kwanza kuonja. Sisi tumepanua.

Mtasema taa ndiyo maendeleo. Mji wa Carmel, jimbo la Indiana, Marekani, umekuwa ukiondoa taa tangu miaka ya mwisho ya 1990 na kujenga vipilefti. Sasa unavyo zaidi ya 150, na taa zilizobaki zinahesabika. Sidhani kama mtauita mji huo wa nyuma. Taa zinahitaji umeme, vipuri, mtu wa kuzipangia muda, na umeme ukikatika makutano yanabaki bila mwenyewe. Usiku wa manane zinamsimamisha dereva aliye peke yake mbele ya barabara tupu, naye akishazoea kwamba taa nyekundu haina maana usiku, ataanza kuidharau mchana. Kisiwa cha udongo hakina cha kuharibika.

Mtasema hakuna fedha za kukarabati. Lakini zipo za kubomoa na kununua taa? Mengi ninayoomba ni rangi, nguzo za plastiki za kufunga lami iliyozidi, na amri ya kuhamisha kituo cha basi.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo, kwa utaratibu huu:

a) Zabuni isitishwe mpaka hesabu ya magari, ya kila mdomo na kila saa za foleni, iwekwe wazi pamoja na mchoro wa kipilefti kilivyojengwa na kilivyo sasa. Hesabu ihusishe pia waenda kwa miguu, ambao sijawahi kuona ofisi yoyote ikiwahesabu.

b) Kituo cha basi kisogezwe mbali na njia ya kutokea na maegesho yafutwe. Hili lifanyike kwanza na peke yake, kabla ya jingine lolote, ili athari yake ionekane bila kuchanganywa na mambo mengine.

c) Midomo irudishwe kuwa njia moja kwa rangi na nguzo za muda, visiwa vya kugawa virudi, vivuko virudishwe nyuma kwa urefu wa gari. Kama nimekosea, vitu hivyo vinaondolewa kwa siku moja. Taa na lami mpya haziondoleki hivyo.

d) Ukanda wa malori uinuliwe upya na bango lishushwe.

e) Baada ya miezi sita magari yahesabiwe tena, ajali zilinganishwe, na matokeo yasomwe kwenye kikao cha wazi cha madiwani. Kama foleni itakuwa haijapungua, leteni hoja ya taa nasi tutaijadili kwa takwimu.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 30, lenye jina na cheo cha anayejibu. Jibu hilo tutalibandika kwenye mbao za matangazo lilivyo, pamoja na barua hii. Na kama mhandisi atapenda kuja kusimama nasi kwenye njia ya kutokea upande wa soko, saa za jioni mabasi yanapojaa, aseme tu siku. Aje na kalamu na karatasi ahesabu mwenyewe magari yaliyozuiwa na duara na yaliyozuiwa na basi.

Wenu katika ujirani,

Mkazi na mlipa kodi, kwa niaba ya wakazi wa barabara nne zinazokutana hapo.

Nakala: Madiwani wote, Mkuu wa Usalama Barabarani, Mwenyekiti wa Kamati ya Ujenzi.